"Mwalimu, Huu Upinde Una Shida": Matatizo ya Anayeanza Kulenga Mishale, na Pa Kuanzia Kuyatatua

Jumamosi asubuhi, kabla umande haujakauka kwenye nyasi, mimi husimama nyuma ya mstari wa wanaoanza nikiwa na chai ya thamosi na daftari la shule. Daftari hilo ni la malalamiko. Nilianza kuyaandika baada ya kuona kwamba watu wasiojuana kabisa, mhasibu, fundi wa simu, mama wa watoto watatu, huniletea tatizo lile lile kwa maneno yale yale. Na karibu wote huanza hivi: "Mwalimu, huu upinde una shida."

Mara nyingi upinde hauna shida. Mara chache huwa nayo, na ndizo hizo zinazoumiza watu. Kwa hiyo, kabla hujalaumu yeyote, fanya kipimo hiki: simama mita 10, piga mishale sita kwa namna ile ile bila kujirekebisha katikati, kisha nenda ukaitazame. Ikiwa imetawanyika kama mahindi yaliyomwagika, usiguse upinde. Kosa liko mwilini. Ikiwa imekusanyika pamoja lakini si pale ulipotaka, hapo sasa tunaweza kuuliza jicho, mshale au upinde. Ukianza kurekebisha, badilisha kitu kimoja, piga sita tena. Anayebadilisha vitatu kwa mpigo hatajua kipi kilimsaidia.

Tuelewane maneno. Upinde ninaouzungumzia ni ule ambao ncha zake zimejikunja kuelekea mbele, rikavu. Wa wanaoanza huwa na vipande vitatu: raiza, ambayo ni mti wa katikati unaoushika, na mabawa mawili, la juu na la chini. Kamba yake ni upote. Noki ni kile kijipengo cha plastiki mkiani mwa mshale kinachouma upote. Kulia na kushoto hapa ni kwa anayevuta kwa mkono wa kulia. Wa mashoto ageuze.

"Upote unanichapa mkono"

Hili ndilo la kwanza daftarini, na ushahidi huja nao wenyewe: alama nyekundu, kesho yake zambarau, upande wa ndani wa mkono wa kushoto.

Sababu kubwa ni kiwiko. Simama mbele ya ukuta, nyoosha mkono wa kushoto, kiganja kiguse ukuta kama unausukuma. Bila kukisogeza kiganja, zungusha kiwiko mpaka ncha yake itazame nje, kushoto, badala ya kutazama chini. Umeona ile nyama ya karibu na kiwiko ilivyojiondoa? Hiyo ndiyo njia ya upote. Wenye viwiko vinavyonyooka kupita kiasi, na kwangu wengi ni wasichana, wanahitaji zoezi hili kila siku kwa wiki mbili tatu, hata wakiwa wanasubiri matatu. Watu watakutazama. Waache.

Sababu ya pili ni kuushika upinde kama mpini wa jembe. Ukikaza ngumi, kifundo cha mkono huingia ndani kwenye njia ya upote. Raiza inatakiwa iegemee nyama ya chini ya kidole gumba, vidole vingine vilegee. Ukiogopa kuuangusha, funga kamba ya kiatu kutoka kidole gumba hadi cha shahada, ipite mbele ya raiza.

Ukishahakikisha hayo mawili na bado unachapwa, pima umbali kutoka kwenye upote hadi sehemu ya ndani kabisa ya mshikio. Upinde wa inchi 66 kwa kawaida hutaka kati ya sentimita 20 na 21.5, fuata karatasi ya mtengenezaji kama unayo. Upote mpya hurefuka katika siku za mwanzo, umbali unapungua, na upote unapoachiwa unafika mbali zaidi kuelekea mkononi mwako. Dawa yake: vua upote kwa kamba ya kuvalishia (usiukanyage upinde wala kuupitisha kati ya mapaja, ndivyo mabawa yanavyopinda), uzungushe mizunguko michache kufuata mwelekeo uliosokotwa nao, uvalishe, upime tena.

Mwezi wa Julai kuna sababu ya nne: jaketi. Vua, au funga mkono wake kwa raba.

Vaa kinga ya mkono hata ukiwa na ujuzi. Lakini ukichapwa mara tatu mfululizo kwenye alama ile ile, maliza siku hiyo. Uvimbe ukiendelea kukua baada ya siku mbili, au vidole vikipata ganzi, nenda hospitali. Hilo si la kuuliza mlengaji mwenzako.

"Mishale inaenda kila mahali"

Unaposema "kila mahali" mimi kwanza nautazama mkono wako wa kulia ukiwa umevuta. Unaishia wapi? Mshale wa kwanza mdomoni, wa pili kidevuni, wa tatu hewani karibu na sikio. Tunapaita hapo nanga. Chagua mahali pamoja tu: ncha ya kidole cha shahada kwenye pembe ya mdomo ni pazuri kwa anayelenga bila saiti, yaani kifaa cha kulengea. Mkono ukihama sentimita moja, mshale unahama zaidi ya hapo shabahani, na kadiri unavyosogea mbali ndivyo kosa linavyokua.

Sababu ya pili inawauma wanaume zaidi, na sisemi kwa mzaha. Upinde ni mgumu kuliko nguvu zako (paundi hapa ni nguvu ya kuuvuta upote, si uzito wa upinde wenyewe). Kijana mmoja alikuja na upinde wa paundi 45 aliouagiza mtandaoni kwa sababu babu yake Mkamba alikuwa mlengaji hodari. Sina shaka na babu. Wala sina shaka na Wawaata wa upande wa Tsavo, ambao pinde zao za kuwindia ndovu zilipita paundi 100. Lakini hao walianza na vijiupinde vya utotoni, wakapanda navyo. Mtu mzima anayeanza anatosheka na paundi 16 hadi 24. Paundi 20 ni kama kilo 9, na utazivuta mara mia kwa asubuhi moja.

Jipime hivi. Kaa kwenye kiti, inua miguu yote miwili kutoka sakafuni, nyoosha upinde mbele (bila mshale, na *usiachie* upote, urudishe polepole), kisha vuta hadi kwenye nanga. Ukiweza bila kuinua upinde juu angani wala kujikunja kama nyoka, unakufaa. Ukishindwa, azima mwepesi. Kumbuka pia kwamba namba iliyoandikwa kwenye bawa imepimwa kwa mvuto wa inchi 28. Mwenye mikono mirefu anayevuta inchi 30 anaongezewa paundi nne hivi asizoziona zimeandikwa popote.

Ya tatu ni kuchungulia. Unaachia, na papo hapo kichwa na mkono wa kushoto vinakwenda pembeni kuutazama mshale. Baki kama ulivyo mpaka usikie "tup" ya shabaha.

Mwisho kabisa, angalia mishale yenyewe. Mingine mirefu, mingine mifupi, miwili ya kuazima: haiwezi kukaa pamoja. Andika namba kwenye kila mmoja kwa kalamu ya wino usiofutika. Namba 4 ikienda peke yake kila mara, namba 4 ndiyo mgonjwa. Tazama manyoya na noki yake.

Na usijipime na wa Olimpiki. Shehzana Anwar, aliyebeba bendera yetu ya Kenya Rio mwaka 2016, alipiga mita 70, kwenye shabaha ya sentimita 122, kwa rikavu yenye saiti na vyuma vya kutuliza upinde. Wewe una mti, upote na mita 10.

"Inakaa pamoja, lakini kushoto"

Hongera, kwanza. Kukusanya ni kazi ngumu kuliko kuhamisha.

Kinachotokea zaidi ni kuukwanyua upote kama uzi wa gitaa: vidole vinapoachia, mkono unatoka nje ya uso na kuuvuta upote pembeni. Mkono unatakiwa urudi nyuma, ukipapasa shavu na kuishia chini ya sikio. Mwambie mwenzako akurekodi kwa simu kutoka nyuma. Video moja ina faida kuliko maneno yangu mia.

Ila kipimo cha jicho huchukua nusu dakika, basi anza nacho. Nyoosha mikono, tengeneza kitundu kwa vidole vya mikono yote miwili, tazama kitu cha mbali kupitia kitunduni, tuseme taa ya barabarani. Funga jicho la kushoto. Taa ikibaki, jicho lako la kulia ndilo linalotawala. Ikipotea, ni la kushoto.

Mhasibu niliyemtaja juu alikuwa akipiga nusu mita kushoto, mishale yote sita ikiwa karibu kushikana. Mwezi mzima alihangaika. Alishabadilisha mishale, alishabadilisha upote, alishanunua kinga mpya ya vidole. Tulipofanya kitundu, taa ikapotea. Alikuwa akivuta chini ya jicho la kulia huku akilenga kwa la kushoto, na mshale ulikuwa umekaa mshazari tangu mwanzo. Niliazima upinde wa mashoto. Mishale yake ya kwanza sita ilikuwa vibaya mno, kama ya mtu aliyeanza jana, lakini ilizunguka katikati. Alicheka kisha akakasirika kidogo, na sikumlaumu. Anayeanza na ana hali hii, ahamie mkono wa jicho lake mapema. Aliyekwisha kuzoea anaweza kufumba jicho la kushoto au kulifunika kwa kiraka.

Ikiwa jicho na mkono viko sawa, sasa ni ugumu wa mshale. Mshale hujipinda unapotoka ili uuzunguke upinde. Mgumu kupita kiasi haujipindi vya kutosha na unakwenda kushoto, laini kupita kiasi unakwenda kulia. Kwa mishale ya kaboni, namba ikiwa kubwa mshale ni laini zaidi, 1000 ni laini kuliko 500, na upinde wa paundi 20 wenye mishale ya 500 ni ndoa isiyodumu. Ncha nzito huulainisha mshale. Kuukata huukaza, lakini hapo nakuomba usimame. Mshale wa anayeanza unatakiwa uzidi raiza kwa sentimita 5 hivi ukiwa umevuta kabisa. Ukiwa mfupi, utateleza nyuma ya raiza na kuupiga mkono wako unaposhika upinde. Anayejua akupime kabla ya msumeno. Makadirio ya kuanzia: urefu wa mikono iliyotandazwa, kidole hadi kidole, gawa kwa 2.5. Mwenye sentimita 170 anavuta kama sentimita 68.

"Iko pamoja, lakini juu" (au chini)

Juu: mdomo wazi. Taya ikishuka, nanga inashuka nayo, mkia wa mshale unashuka na ncha inapanda. Funga meno.

Chini: mkono wa kushoto unaanguka unapoachia, au mkono wa kulia unasogea mbele kidogo kabla ya kuachia, ukipoteza nguvu uliyoivuta kwa jasho. Yote mawili huja na uchovu; yakianza baada ya mshale wa hamsini, pumzika.

Baada ya hapo tu ndipo utazame ile pete ndogo kwenye upote inapokaa noki. Anza kama milimita 5 juu ya mstari ulionyooka kutoka kwenye kipumzisho cha mshale. Wanaoweka vidole vyote vitatu chini ya mshale huhitaji juu zaidi.

"Mshale unaogelea hewani"

Ukiruka huku mkia ukipanda na kushuka, tuhumu pete ya noki. Mkia ukiyumba kulia na kushoto, tuhumu ugumu wa mshale, au unyoya wa rangi tofauti uliogeuzwa ukakwaruza raiza. Unyoya huo utazame nje, mbali na upinde. Mishale yenye manyoya ya plastiki pia haifai kupigwa moja kwa moja kutoka kwenye kirafu cha raiza, ule ukingo mdogo juu ya mshikio. Inataka kipumzisho, au ubadilishe uweke manyoya halisi. Na manyoya halisi nayo hayapendi Aprili. Yakilowa yanalala kama kuku aliyenyeshewa. Yafunike kwa mfuko mpaka zamu yako ifike.

Kipimo cha ndani zaidi, kwa ambaye tayari anakusanya: piga mitatu yenye manyoya na mmoja usio nayo kutoka mita 10 hadi 15. Ule uchi ukitua chini ya wenzake, pete iko juu mno; ukitua juu, iko chini mno. Ukitua kushoto, ni mgumu. Kulia, ni laini. Kama bado unatawanya, kipimo hiki kitakudanganya tu.

"Mshale unadondoka nikivuta"

Unabana noki kwa vidole. Acha nafasi ndogo kati ya kidole cha shahada na mshale, shika upote kwa kiungo cha kwanza cha vidole, na usiukunje mkono. Kwisha.

"Vidole vinawaka moto"

Unavuta bila kinga, au kinga ni nyembamba. Kama huna ya dukani, ngozi ipo soko la Kariokor, Nairobi, kwa mafundi wa viatu: omba kipande laini upande mmoja, kisichozidi unene wa milimita mbili, ukikate kifunike vidole vitatu kikiwa na tundu la kidole cha kati. Maumivu ya ngozi ni ya kuzoea. Ganzi inayobaki mpaka kesho yake si ya kuzoea. Pumzika wiki, shusha paundi, na ikirudi muone daktari.

"Bega linaniuma"

Hapa sina ufundi mwingi, na sitaki uwe nao. Misuli kuchoka katikati ya mgongo, kati ya mabega, ni dalili njema: unavuta kwa mgongo. Maumivu makali mbele au juu ya bega, yanayokuchoma unapoinua mkono kuchukua kitu kabatini au yanayokuamsha usiku, ni amri ya kuacha. Usiyapakie dawa ya kuchua ukarudi mstarini. Tafuta mtaalamu wa tibamaungo, mweleze unavuta paundi ngapi na mara ngapi kwa wiki. Wengi niliowaona wamefika huko walikuwa wamepanda kutoka paundi 20 hadi 35 ndani ya mwezi mmoja.

"Upinde unalia"

Mvumo mzito baada ya kuachia: umbali wa upote umepungua, au mshale ni mwepesi mno kwa upinde. Mlio wa chuma kulegea: kaza skrubu za mabawa kwa mkono, bila koleo.

Mlio wa "tik" unapovuta: simama. Rudisha upote polepole, usiachie, vua upote.

Nilijifunza hili Januari moja. Niliacha upinde kiti cha nyuma, madirisha yamefungwa, gari juani, nikaingia kwenye mkutano uliosemwa wa nusu saa. Jioni, mvuto wa tatu, nikasikia hiyo "tik". Kwa macho sikuona kitu. Nikachukua kipande cha pamba, nikakipitisha taratibu kwenye kingo za bawa la chini, na sentimita chache kutoka linapoungana na raiza pamba ikanasa, ikaacha nyuzi mbili nyeupe zikipepea. Gundi ilikuwa imeachia kwa joto. Bawa la namna hiyo haligundishwi nyumbani kwa gundi ya supa, na usimpe fundi wa fanicha hata kama ni rafiki. Likipasuka ukiwa umevuta, uso wako ndio ulio karibu. Yale mabawa sasa yananing'inia ukutani.

Fanya kipimo cha pamba pia baada ya kuuachia upote bila mshale, hata mara moja, hata kama ni mgeni aliyeomba "kujaribu tu". Nguvu iliyotakiwa kwenda na mshale imerudi kwenye mabawa. Noki iliyopasuka huleta ajali hiyo hiyo, basi zitazame kila raundi. Bawa likipinda, upote usipite tena katikati yake, mpelekee mwenye ujuzi wa pinde. Kulinyoosha kwa mvuke wa sufuria ni hadithi ya watu waliovunja mabawa.

Mishale ya kaboni nayo: kila ikigonga ubao au jiwe, ishike ncha zote mbili, ikunje kidogo mbali na uso, uizungushe ukisikiliza. Ukisikia kukwaruza au kupasuka, ivunje mwenyewe uitupe, ili mwingine asiiokote. Kijiti cha kaboni kikiingia mkononi usikichokonoe kwa pini; nenda kliniki.

"Mshale umepotea kwenye nyasi"

Utapotea. Nyasi za kikuyu ni kama zulia lenye ghorofa mbili: mshale uliokosa shabaha unaingia chini ya zulia na kulala, bila kuacha hata mkia. Usitembee ukitazama juu juu. Anza pale ulipouona ukiingia, buruta kiatu polepole kukata njia ya mshale, na utausikia ukigonga soli. Ukiupata, uvute kwa ncha kwenda mbele, uelekeo ule ule uliokuwa ukienda. Ukiurudisha nyuma unayang'oa manyoya.

Ukikosa kuupata, mwambie mwenye uwanja kabla ya mashine ya kukata nyasi kuja, na kabla watoto hawajaanza kucheza kandanda hapo alasiri. Na hakuna anayekwenda kutafuta wakati mwingine yuko mstarini. Ukilazimika kuingia nyuma ya shabaha, egemeza upinde wako mbele yake, ili atakayefika baadaye aone kuna mtu huko.